Bwana Yangu Hawezi Kula Mbele ya Mama Mudogo

Nilikuwa nimekasirika tangu Kilwa, ile ya kwetu Kongo kando ya ziwa Mweru, na kusema kweli nilikuwa nimekasirika tangu Lubumbashi. Mwanamuke anayepikia mutu asiyekula, hasira inamuamusha asubuhi na inalala naye. Bwana yangu hakuwa anakula. Alikuwa anakaa mezani muzuri, ananawa mikono, anasifu harufu ya muchuzi, halafu anamega-mega bukari, ugali wetu, anaizungusha ndani ya sahani, na mwishowe anasukuma sahani yenyewe. Miezi ilipita namna ile. Suruali zake nilizipeleka kwa mushonaji apunguze kiuno, nikazirudisha apunguze tena, na safari ile ya pili mushonaji hakuniuliza kitu, aliniangalia tu kwa huruma. Ile huruma ndiyo ilinichoma. Sokoni kwetu, bwana akikonda, wanawake wanaanza kuongea juu ya nyungu ya bibi yake na anachopika ndani.

Na mimi si mutu wa kupika vibaya! Kama kuna kitu kimoja mama yangu aliniachia katika dunia hii, ni mukono wa kupika. Lakini bwana yangu alianza kuutafutia makosa. Kwanza ilikuwa chumvi. "Mama," ndivyo ananiita, "leo chumvi imezidi." Nikapunguza chumvi. Kisha ikawa mafuta, eti mawese yanamuchoma kifuani. Nikabadilisha mafuta. Kisha unga: wa mahindi matupu ni muzito, nichanganye na mihogo. Nikachanganya. Sasa mihogo inanuka! Nikachagua mihogo mwenyewe, nikaianika mwenyewe, nikaenda kusimama kwenye kinu muchana mutupu ili wasinichanganyie na ya wengine. Bukari ikatoka laini, ya kupendeza, jirani yetu akala mupaka akalamba vidole. Bwana yangu akakata tonge dogo kama kidonge cha malaria, akatafuna, akatafuna, akakunywa kikombe kizima cha maji juu yake, akasema, "Sina apeti, Mama. Jirani anatoaka wapi unga wake? Labda ule wake ni muzuri." Aka! Jirani ndiye alikuwa amekaa pale, anamaliza chakula changu!

Nilipotaja munganga wa hospitali, alicheka. Munganga anaangalia wagonjwa, na yeye si mugonjwa, ni chakula tu hakimupendezi. Fundi wa mota anayefungua injini kila siku anaenda kutafuta nini lopitalo? Basi hapo nilikuwa nanyamaza, kwa sababu ukiendelea anachukua kofia yake na kutoka nje.

Halafu siku moja, bila mutu kumuuliza, alisema, "Unajua kitu ninachoweza kula? Mpale. Mpale wa Mweru. Pale Nchelenge, ng'ambo ya ziwa, kwenye resto ile karibu na bandari, nilikokula wakati nilienda kutengeneza mota ya boti. Ule ninaweza kumaliza na kichwa chake." Mpale ni samaki mupana, wa nyama nyeupe, samaki wa ziwa letu, mimi nimekulia kando ya ziwa lile, na mama yangu alizaliwa upande wa Zambia, kule Puta. Unaweza kufikiri nilivyoruka kwa furaha. Lakini ziwa lilikuwa limefungwa. Kila mwaka wakati wa mvua wanakataza kuvua, ili samaki wazae. Tukangoja. Na siku zote zile za kungoja, kila mara niliposhika mwiko, bwana yangu alikuwa ananiambia kwa upole, "Usijisumbue, Mama. Mimi nitakula Nchelenge."

Nitakula Nchelenge! Ile sauti ya upole nilikuwa naisikia mupaka ndotoni. Nilianza kuichukia Nchelenge kama mwanamuke mwingine.

Ziwa lilipofunguliwa, nilifunga duka langu la bikwembe, vitenge vya wanawake, nikawaacha watoto kwa shangazi yao, tukashuka mupaka Kilwa na lori, tukalala kwa ndugu, na asubuhi tukavuka na boti. Kulikuwa mawimbi. Nilitapika kila kitu. Bwana yangu, yeye hakutapika, angetapika nini? Alikaa karibu na mota, anasikiliza mulio wake, anamuambia mwenye boti kwamba kuna kitu hakikukazwa vizuri ndani. Nilimuangalia mashavu yake yaliyoingia ndani, nikasema moyoni: kula tu, Papa. Kula leo, mimi nitasamehe chumvi, nitasamehe mafuta, nitasamehe hata ule unga.

Nilikuwa na woga mumoja tu. Watu wa mama yangu wamejaa upande ule wa ziwa, na kama wangejua tumefika, wangetuita, na kule kwao mambo ya bukwe, ya mukwe na watu wa bibi yake, yangetufunga mikono. Kwa hiyo sikumuambia mutu. Puta iko mbali na Nchelenge. Nilijua tutafika, tutakula, tutalala, tutarudia kwetu kimya.

Resto tuliikuta palepale, mabati yake yamepata kutu, viti vya plastiki, meza zimefunikwa na nailoni ya maua. Chumba kilikuwa kimoja tu. Nje jua lilikuwa linapiga kwenye muchanga mupaka macho yanauma, kwa hiyo watu wote walijibana ndani, karibu na ukuta wa kivuli. Ukutani waliandika vyakula kwa rangi nyekundu, vingi, vya kutosha arusi. Dada aliyekuwa anahudumia alikuja, kikwembe kiunoni, Kibemba mudomoni, na Kiswahili kile cha biashara wanachotuongelesha sisi tunaotoka Kongo.

"Hivi vyote viko?" nilimuuliza.

"Viko, ba mayo," alijibu; ndiyo "mama" yao ya heshima.

"Kuku?"

"Kuku amekwisha."

"Nyama?"

"Nyama ni ya jana, mukwai. Usikule."

"Wali?"

"Wali utakuwa kesho."

"Sasa kitu gani kiko?"

"Vyote viko, ba mayo," alisema bila haya, "lakini leo ni bukari, lengalenga na samaki. Na samaki anakuja."

Anakuja! Kumbe alikuwa bado ziwani. Tulingoja. Boti moja ilifika, samaki wakachukuliwa wote na wanunuzi wenye masanduku ya barafu. Boti nyingine ikafika. Dada akaenda na beseni, akarudi na beseni tupu, akatuambia kwamba aliyekuwa na samaki wakubwa amegombana na bibi yake na anauza kwa watu anaopenda yeye. Tumbo langu lilikuwa linalia mupaka watu wa meza ya pili wanasikia. Bwana yangu, yeye alikuwa mutu wa furaha kabisa. Alinieleza habari ya mota za zamani na mota za sasa, zile zinazokuja na vyuma vyepesi. Sikuwa nimemusikia akiongea hivyo tangu zamani. "Huna njala?" nilimuuliza. "Ninayo," alijibu haraka, akaendelea na vyuma vyake.

Samaki alikuja mwishowe. Nitasema ukweli, hasira yangu ilishuka palepale. Mpale muzima, wamemukata-kata ubavuni, wamemukaanga kidogo kisha wamemutia ndani ya supu ya nyanya na vitunguu, kichwa kinatoka kwenye sahani upande mumoja na mukia upande mwingine. Bukari ilikuwa inatoa moshi. Lengalenga, muchicha wetu, ilikuwa imepikwa na karanga. Dada alituletea maji, bwana yangu akanawa mikono yote miwili, polepole, mupaka chini ya kucha. Akakata tonge. Akaliviringisha.

Na mukono wake ukasimama hewani. Alikuwa anaangalia mulangoni.

"Mama yako," alisema.

Mama yangu amekufa. Lakini nilijua palepale nani atakuwa mulangoni, kwa sababu mimi na bahati hatujawahi kuelewana. Nikageuka. Alikuwa mama mudogo, mudogo wa mama yangu, mufupi, wa kifua kipana, na mifuko yake ya chisense kavu, vile visamaki vidogo, inashushwa mbele ya resto. Alitoka Puta kuja kungoja gari ndogo ya kwenda Mansa, kuuza. Kati ya siku zote za Mungu, alichagua ile!

Niwaeleze wasiojua. Kwetu sisi watu wa ziwa, mwanaume aliyeoa hawezi kula mbele ya mama mukwe. Hamuangalii usoni, hamupi mukono, na wakikutana njiani mumoja wao anaingia majanini. Si chuki, ni heshima. Na inabaki hivyo mupaka siku watu wa bibi wanamuingiza mukwe: mama mukwe anapika vyakula vyote vya nyumba yake, anakuja navyo, anafunua nyungu moja kisha nyingine, anamuambia hiki ni hiki, na toka siku ile mukwe anakula mbele yake kama mutoto wa nyumba. Mama yangu alikufa kabla ya kutufanyia. Dada zake wote, nao ni mama mukwe vilevile, na mama mudogo ndiye aliahidi kuchukua nafasi yake. Mwaka ule kulikuwa kilio, mwaka uliofuata kulikuwa matatizo ya kuvuka, na baadaye kila mutu akawa anasema "mwaka ujao", mupaka watoto wetu wakubwa wakaota ndevu. Bwana yangu si mutu wa ziwa, lakini kwao heshima ya mama mukwe ni kali kupita yetu.

Basi tonge lilirudi ndani ya sahani. Mikono ikaenda chini ya meza. Macho yakaenda chini, kwenye maua ya nailoni. Na mama mudogo, mara tu alipotuona, alipiga kelele ndogo ya kushituka kama watu wa kwao, "Mawe!", akajifunika kichwa na kikwembe, akatugeuzia mugongo, akaenda kukaa kwenye kona kabisa, uso ukutani. Kutoka hakuweza; mifuko yake ilikuwa pale mulangoni, na dereva hajulikani yuko wapi. Chumba chote kilikuwa kinatuangalia. Samaki naye alikuwa anatuangalia, na jicho lake moja.

"Mutoto yangu!" mama mudogo aliita, bila kugeuka. "Kuja hapa!"

Nilienda. Tulisalimiana, tukalia kidogo juu ya mama, kama inavyopaswa. Kisha akasema, "Umuulize mukwe wangu kama ni muzima."

Nikarudi mezani. "Anauliza kama uko muzima."

"Umuambie niko muzima. Umuulize yeye, na safari."

Nikaenda kwenye kona. "Anasema yuko muzima. Anauliza safari."

"Safari nzuri. Mbona amekonda namna ile?"

Hilo sikulipeleka. Nilimuambia, "Mama mudogo, hajakula. Tumevuka ziwa zima ili akule samaki huyu. Akule, tafadhali."

"Akule! Nani anamukataza? Mimi niko naangalia ukuta."

Nikarudi. "Papa, anasema ukule. Anaangalia ukuta."

"Siwezi kula, naye yuko ndani ya chumba, Mama. Unajua."

"Beba sahani, ukulie nje."

"Nimukimbie mama mukwe na sahani mukononi? Batu baseme nini?"

Nikaenda kwenye kona. Mama mudogo alikuwa amesikia, resto si kanisa kuu. "Basi mimi nitoke," alisema, akaanza kujiinua. Nyuma yangu bwana yangu akasema kwa haraka, "Hapana, hapana! Umuambie akae! Mimi siwezi kumufukuza mama kwenye kivuli." Mama mudogo akakaa. Nikasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, naangalia mugongo mumoja na kichwa kimoja kilichoinama, na chini ya kichwa kile bukari inapoa. Sijui kama umewahi kuona bukari inapoa baada ya kuingoja nusu ya muchana. Inafanya ngozi juu.

Ndipo nikavua kikwembe. Usiogope, nilivaa viwili, kama kila mwanamuke anayesafiri. Nilichukua kile cha juu, nikafunga kona moja kwenye nguzo, nyingine kwenye musumari wa dirisha, nikapandia kiti, nikavuta mupaka kikakaza. Chumba kikagawanyika. Upande huu bwana yangu na samaki, upande ule mama mudogo na ukuta wake. Watu walicheka. Dada wa resto aliuliza kama mutu anataka kuzaa. "Cheka!" nilimuambia. "Cheka vizuri, na ulete maji mengine ya kunawa!"

Bwana yangu alinawa tena. Akaangalia samaki. Akaangalia kikwembe.

"Sasa nini?" nilisema.

"Atasikia."

"Atasikia nini?"

"Nikitafuna."

"Tafuna polepole!"

"Heshima haina nusu, Mama."

Nilikaa chini mbele yake. Nilimuambia kwa sauti ya chini, ile ya chini inayosikika kupita kelele, "Papa, nimefunga duka. Nimetapika ndani ya ziwa. Nimebadilisha mafuta, nimebadilisha unga, nimesimama kwenye kinu. Sokoni wanasema mimi ninakuua na njala. Ulisema Nchelenge. Hii ni Nchelenge! Huyu ni mpale! Ulitaka nikufanyie nini tena, nimufufue mama yangu akupikie?"

Aliinamia maua ya nailoni. Hata wale waliokuwa wanacheka waliweka vijiko vyao chini.

Kisha nilisikia kiti kinasukumwa, na miguu ya mama mudogo ikaonekana chini ya kikwembe, na mukono wake ukakishika ukakisukuma pembeni. Aliingia na beseni la maji. Bwana yangu alitaka kusimama akimbie, sijui angekimbilia wapi, palikuwa na ukuta. "Kaa," alimuambia. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yao aliongea naye mudomo kwa sikio. Alipiga magoti mbele yake, akamunawisha mikono, yeye mwenyewe. Akachukua sahani ya bukari. "Hii ni bukari ya nyumba yetu." Akasukuma ya mboga. "Hii ni lengalenga ya nyumba yetu." Akageuza ya samaki, kichwa kikamuangalia mukwe. "Na huyu ni samaki wa nyumba yetu. Dada yangu ndiye alipaswa kukuonyesha. Kifo hakikumungoja. Mimi niko hapa kwa mukono wake. Toka leo, kula mbele yangu. Kula mbele yetu sisi wote."

Wanawake waliokuwa mule ndani, watu ambao hatujui hata ukoo wao, walipiga makofi ya taratibu, yale ya heshima, na dada wa resto alifuta macho. Nilijisikia nimeshinda. Mungu anisamehe, nilifikiri hata: haya, bwana mukubwa, leo tuone utasema nini! Mama mudogo alivuta kiti, akakaa mbele yake kabisa, akamuangalia usoni.

Bwana yangu alikata tonge, dogo. Alilichovya ndani ya supu. Aliliweka kinywani, akatafuna kwa muda murefu sana. Niliona koo lake linapanda, linashuka, linapanda tena, linasimama. Akachukua maji. Maji yakamurudia. Alijiziba kinywa na mukono, mabega yakaruka, macho yakajaa machozi, na yote yakatoka ndani ya kiganja chake, kimya, kama mutu aliyezoea. Alijaribu tena, safari hii nyama nyeupe ya samaki peke yake, kidogo kabisa, kama ya mutoto anayeota meno. Ikawa vilevile.

"Haipiti," alisema.

Hakuniambia mimi. Alimuambia mama mudogo.

"Haipiti, mama. Inafika hapa," na akagusa kifua, "inakatala."

"Tangu lini?"

"Zamani. Ilianza na nyama. Kisha bukari. Sasa hata wali. Uji ndio unapita, nikikunywa polepole kule kazini."

"Bibi yako anajua?"

"Hapana."

Nilikuwa palepale! Nilikuwa nimekaa hapo, kiwiko changu kinagusa chake, na walikuwa wanaongea juu yangu kama mutu aliyebaki Lubumbashi.

"Na chumvi?" nilisema.

"Chumvi ilikuwa nzuri, Mama."

"Mafuta?"

"Mazuri."

"Na unga? Kule kwenye kinu?"

"Bukari ile," alisema, "nilikuwa naisikia harufu tangu barabarani. Nilikuwa nasimama kwanza nje."

Nitasema jambo ambalo sijamuambia mutu. Kwa muda mufupi, pumuzi moja tu, nilifurahi. Kumbe mukono wangu haukuwa na kosa! Kumbe mapishi yangu ni yaleyale! Halafu nikaelewa nimefurahia nini, na nikataka kuchukua ile sahani ya samaki nimupige nayo kichwani, na nikataka kumubeba mugongoni kama mutoto, vyote viwili pamoja, na kwa sababu sikuweza kuchagua, nilibaki nimekaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mukubwa wangu, kaka yangu, ilimuanza namna hii. Tulimupeleka lopitalo anatembea na miguu yake. Hakurudi." Aliangalia mikono yake. "Nilifikiri labda samaki wa hapa atapita. Ule wa siku ile ulikuwa laini sana. Nilifikiri kweli, Mama. Sikukudanganya juu ya samaki."

Nilifungua mudomo. Nilikuwa na maneno ya miezi yote ile, yamepangwa, makali, ningeweza kuongea mupaka jua linazama. Mama mudogo aliinua kidole bila kuniangalia, na nikanyamaza.

"Mukwe wangu," alisema, "kesho asubuhi munavuka. Munaenda moja kwa moja lopitalo. Wakuangalie ndani ya koo na ndani ya kifua."

Alisema polepole, kama mutu anayetaja vyakula. Bwana yangu aliinama. Kwetu, na kwao vilevile, mama mukwe akisema neno, mukwe halikatai. Anaweza kulia, anaweza kuchelewa, lakini kulikatala hakuwezekani. Nilikuwa nimemuomba kwa machozi, nikamuomba kwa kelele, nikamutumia pasteri, nikawatuma watoto. Alichukua kofia yake kila mara.

"Ndiyo, mama," alisema.

Ndiyo, mama! Yote iliishia pale, maneno mawili, na hata hakubishana! Nilijifunika uso na mikono yangu, nikalia kwa hasira na kwa nguvu mupaka dada wa resto akaja kusimama nyuma yangu akiniwekea mukono begani.

Nilipoinua uso, mama mudogo alikuwa ameomba kijiko. Alikuwa amesukuma bukari pembeni, amesukuma na samaki, na alikuwa anachota supu peke yake, ile nyembamba ya juu, anaipuliza, anaipitisha kwanza kwenye mudomo wake kuangalia kama ni ya moto. Nje gari ya Mansa ilikuwa imefika, inapiga honi, mupanga mizigo anauliza nani mwenye chisense. Hakugeuka.

"Fungua kinywa, mukwe wangu."

Mutu huyu, ambaye tangu anioe hajawahi hata kumuangalia mama mudogo kwenye uso, alifungua kinywa mbele ya resto nzima. Kijiko kiliingia. Sote tuliangalia koo lake. Likapanda, likashuka, na supu ikapita.

"Tena," alisema mama mudogo, na kijiko kilikuwa kimekwisha kurudi ndani ya sahani.

"Polepole, mama mudogo," nilisema, nikivuta kiti changu karibu. "Unamuharakisha."